Kiharusi: saa za kwanza huamua matibabu

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa katika kitengo cha dharura, daktari huwauliza mapema ndugu waliomleta: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Jibu hilo ndilo huamua ni matibabu gani bado yanawezekana.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu ya ubongo unapozibwa na bonge la damu, au unapopasuka na damu kuvuja. Dalili hufanana: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kutoeleweka. Matibabu, hata hivyo, hutofautiana. Dawa ya kuyeyusha bonge humwokoa mgonjwa wa kwanza, lakini inaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana picha ya CT ya kichwa hutangulia.

Hesabu ya dakika

Wahudumu hupima shinikizo la damu na sukari, kwani sukari iliyoshuka mno huleta dalili zinazofanana na za kiharusi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kimataifa, lengo ni isipite dakika 60 tangu mgonjwa aingie hospitalini. Aliyeamka na dalili, kwa kawaida huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima.

Mjini Kampala, muda huo mara nyingi huishia njiani: zahanati ya mtaani kwanza, kisha msongamano wa magari, ndipo Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa. Gharama ya kipimo na dawa nayo ni kikwazo.

Aliyechelewa hakosi matibabu. Huchunguzwa uwezo wa kumeza kabla ya kupewa chakula, hupewa aspirini ikithibitika kuwa damu haijavuja, na huanzishiwa mazoezi ya viungo mapema.

Wajibu wa familia

Ndugu wanashauriwa kuandika saa, kubeba dawa anazotumia mgonjwa na kumpeleka moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT. Wasimpe chakula, maji wala aspirini.

Jamaa aliye ughaibuni anayepigiwa simu kutoka Kampala anaweza pia kusaidia kabla ya kutuma fedha: aulize dalili zilianza saa ngapi, na ahimize safari ianze mara moja.