Kanzidata ya kwenye RAM

Salvatore Sanfilippo, mtayarishaji programu wa Sicily, alikuwa na huduma ndogo iitwayo LLOOGG, iliyowaonyesha wenye tovuti wageni wao papo hapo. Kila ukurasa ulipofunguliwa rekodi mpya iliingia, na kanzidata ya MySQL iliyotegemea diski ikaelemewa. Mwaka 2009 akatoa Redis, programu inayoweka data yake yote kwenye RAM.

Programu za namna hii ziitweje? Kwa hifadhi ya data tayari tuna hifadhidata na kanzidata. Utata uko kwenye sehemu ya pili ya jina, inayoeleza data inakaa wapi. "Kanzidata ya kumbukumbu" inavutia sikio, lakini kumbukumbu kwetu ni pia za kikao, za mahakama, za taifa: vitu vinavyotunzwa visipotee. RAM hupoteza kila kitu umeme ukikatika. Msomaji atadhani anaelezwa habari za nyaraka. Afadhali kusema "kanzidata ya kwenye RAM"; RAM inajulikana kwa jina hilo hilo hata kwa muuza vipuri.

Kasi ya kanzidata hizi ni ya kweli. Kusoma kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100. Kwenye diski ya SSD, maikrosekunde 100 hivi, yaani mara 1,000 zaidi. Diski inayozunguka hufikia milisekunde 10.

Lakini anayechagua aanze na swali la umeme: mashine ikizimika ghafla, nini kitapotea na nani ataumia? Memcached, programu nyingine ya kwenye RAM aliyoianzisha Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, ikizimwa huamka tupu. Inafaa kabisa kwa nakala za vitu ambavyo asili yake iko kwingine. Redis inaweza kupiga picha ya data kila baada ya muda, au kuandika kila badiliko kwenye faili la diski. Faili hilo likipangwa kuhifadhiwa kila sekunde, ajali inaweza kumeza mabadiliko ya sekunde moja hivi. Kwa hesabu ya waliotazama video, hakuna neno. Kwa salio la mteja wa pesa za simu, sekunde hiyo ni fedha ya mtu! Kuna mpangilio wa kuhifadhi kila badiliko kabla ya kujibu, ila hapo diski inarudi kudai muda wake.

Jambo jingine: Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Fundi akiandika KEYS *, amri ya kuorodhesha funguo zote, kwenye ghala lenye funguo milioni nyingi, wateja wote husimama foleni hadi amri hiyo imalizike. SCAN hufanya kazi hiyo kidogo kidogo.

Leseni nayo isomwe. Machi 2024 Redis iliacha leseni huria ya BSD, na Linux Foundation ikazindua Valkey, tawi huria la Redis lililotokana na toleo la 7.2.4. Mwaka 2025 Redis ikaongeza leseni huria ya AGPL, na Valkey inaendelea kwa BSD.