Kutoka Mgomo wa Shule hadi Jela ya Naivasha

Mwaka 2005 Mmarekani Rian Johnson alitoa filamu Brick, ambamo mwanafunzi wa sekondari anageuka mpelelezi mwenye ulimi mkavu, akimsaka muuaji wa mpenzi wake wa zamani. Johnson alichota kwa Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuandika Red Harvest (1929) alikuwa mpelelezi wa kulipwa wa kampuni ya Pinkerton. Kwetu, shule na uhalifu vilikuwa vimeshakutana kitabuni miongo miwili kabla ya filamu hiyo, na kalamu ilikuwa mkononi mwa jambazi mwenyewe.

John Kiriamiti, mzaliwa wa Murang'a, alifukuzwa Prince of Wales, leo Nairobi School, kwa kushiriki mgomo. Alikuwa kidato cha kwanza. Akaishia mitaa ya Nairobi, akaanza kwa kuchomoa pochi, akapanda ngazi hadi benki. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mabavu. Katika jela ya Naivasha, ambayo sasa imo kaunti ya Nakuru, aliandika My Life in Crime. Kitabu kilitoka mwaka 1984, na msimulizi wake, Jack Zollo, akapata wasomaji tele mabwenini. Sishangai. Mwanafunzi anayeishi kwa kengele, kiranja na hofu ya kupewa barua ya kurudi nyumbani anamwelewa Zollo tangu kurasa za mwanzo.

Hadithi za upelelezi za Kiswahili zilikuwa zimekwenda njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), binamu wa Sherlock Holmes asiyefichika. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965). Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba, jasusi wa serikali, katika Kufa na Kupona (1974). Bwana Msa na Gamba wote wanakisaka kisa kutoka upande wa haki. Zollo anawakimbia polisi, na msomaji anakimbia naye. Kwa maoni yangu hapo ndipo Kiriamiti alipoisoma vizuri Kenya ya miaka ya 1980: askari shujaa asingeaminika kirahisi wakati watu walipokuwa wakiliogopa tawi la polisi wa siri.

Shule za bweni zilipata pia mwandishi wao mchangamfu, Barbara Kimenye, aliyemtunga Moses, mtundu asiyekosa mkasa. Ila kwa Moses, hata genge la watekaji nyara huishia kwenye kicheko.

Kimenye na Kiriamiti waliandika kwa Kiingereza. Waandishi wa Kiswahili wa Nakuru, Njoro na Gilgil, malighafi mnayo: bweni lililoungua usiku, karatasi ya mtihani iliyovuja, mwalimu wa zamu anayejua zaidi ya anachosema. Mpeni mwanafunzi tochi na maswali, kisha mtuletee kisa hicho kwa Kiswahili.