Ndaye Mulamba, na krosi ambayo vijana wetu hawaipigi

KASINDI – Leo sileti habari za barabara wala za forodha. Leo ni mpira.

Alasiri moja nilisimama kando ya kiwanja, timu mbili za vijana zikicheza. Moja kati ya hizo karibu wote ni watoto wa familia zilizokimbia vita. Winga wao wa kulia ana mbio, kijana wa watu, na beki aliyemkabili alichoka mapema. Nikaanza kuhesabu. Mara nane alifika karibu na mstari wa mwisho. Mara saba alipiga mwenyewe golini kutoka pembe ambayo hata Pelé angeona haya kujaribu. Mara ya nane akatoa mpira kati, na kati hapakuwa na mtu. Timu yake ilifungwa bao moja kwa sifuri.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya jerikani karibu nami akatikisa kichwa. «Mpira ule Ndaye angefunga mwenyewe.» Watoto waliokuwa nyuma yetu wakauliza, Ndaye gani? Yule wa Mazembe? Mzee akanyamaza. Mimi nikaona nina deni la kuandika.

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, mji tunaouita Kananga leo. Mashabiki walimwita Mutumbula. Wazee waliowahi kuishi Katanga wanalijua jina hilo: batumbula walikuwa watu wa kutisha wa hadithi za usiku, wanaokamata watu gizani. Kwa mshambuliaji ni jina zuri sana, maana kazi yake ni ileile. Haonekani, haonekani, halafu mpira uko wavuni.

Kombe la Afrika la mwaka 1974 lilichezwa Misri. Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaïre, na haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 1968 kule Addis Ababa tulikuwa tumechukua kombe hilo kwa kuifunga Ghana 1-0, bao la Kalala. Mwaka 1973 Vita Club ilifungwa 4-2 na Asante Kotoko kule Kumasi, ikarudi Kinshasa ikashinda 3-0 na kuwa bingwa wa vilabu vya Afrika. Kwa hiyo Wamisri walijua nani anakuja. Hata hivyo, kwenye nusu fainali, mbele ya watu wao, walifungwa 3-2 na Ndaye alipata mabao mawili.

Fainali ilikuwa tarehe 12 Machi dhidi ya Zambia. Zambia walitangulia. Ndaye akasawazisha kipindi cha pili. Wakaingia muda wa nyongeza, na zikiwa zimebaki dakika tatu hivi Ndaye akafunga la pili. Watu wakaanza kukumbatiana. Dakika ya mwisho kabisa Zambia wakasawazisha, 2-2. Siku hizo hapakuwa na penalti za kuamua fainali ile, basi wakarudi uwanjani tarehe 14 Machi. Zaïre 2, Zambia 0. Nani alifunga? Ndaye, yote mawili. Mechi mbili za fainali, mabao manne ya timu, yote ya mtu mmoja. Katika mashindano yote alipata mabao 9. Hadi leo hakuna Mwafrika aliyeifikia hesabu hiyo katika Kombe la Afrika moja. Vincent Aboubakar wa Kameruni alikaribia katika mashindano yaliyochezwa mwaka 2022, akaishia 8.

Sasa, watu wakisikia mabao 9 wanasema ni kipaji, Mungu alimpa. Hapo ndipo mimi nakataa kidogo. Mfungaji anaishi kwa mpira anaoletewa. Timu ile ilikuwa na Kakoko na Mayanga mbele, na nahodha Kidumu nyuma yao, watu walioweza kufungua ukuta na kuutoa mpira kwa wakati. Ndaye asingekuwa Mutumbula kama kila aliyefika pembeni angepiga mwenyewe golini, kama kijana wetu wa juzi.

Mfano mkubwa zaidi duniani ni fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1958 kule Sweden. Wenyeji walitangulia kuifunga Brazili. Garrincha akampita beki upande wa kulia, akafika karibu na mstari, akapiga mpira wa chini kati. Vavá akafunga. Baadaye kidogo akafanya vilevile, njia ileile, krosi ileile, na Vavá akafunga tena. Mechi ikaisha 5-2. Garrincha alikuwa na chenga za kuwachekesha watu uwanja mzima, lakini siku ile alichagua kutoa.

Angalieni alichotoa. Krosi, ile wengi wetu hapa tunaita santre, haikuwa mpira wa juu wa kuomba bahati. Ulikuwa mpira wa chini, wenye nguvu, uliopita mahali ambapo kipa anaogopa kutoka na beki anakimbia akitazama goli lake mwenyewe. Beki akiugusa anaweza kujifunga, asipougusa mshambuliaji anaufikia. Aina ya pili ni ya kurudisha nyuma: ukifika kwenye mstari wa mwisho, mabeki wote wamerudi na wewe hadi mbele ya goli, na eneo la penalti limebaki wazi nyuma yao. Mpe mwenzako pale. Na ukiwa nyuma ya mpira, huwezi kuwa umeotea.

Makocha wetu wa hapa wanaijua shida ya viwanja vyetu. Kiangazi mpira unaruka kama mbuzi, na mvua ikinyesha unakwama topeni katikati ya njia. Siku ya tope, krosi ya chini haifiki, lazima uinyanyue iende nguzo ya mbali. Siku ya vumbi, ishushe. Ila kitu kimoja hakibadiliki: inua kichwa kabla ya kupiga, si baada. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, kiuno kigeuke kuelekea unakopeleka. Vijana wengi wanapiga huku mwili ukitazama bendera ya kona, halafu wanashangaa mpira umetoka nje.

Na anayengojea? Kosa lake ni kuwahi. Anakimbilia golini mapema, anasimama kando ya beki kama wanasubiri gari pamoja. Anatakiwa achelewe, ajifiche mgongoni mwa beki, kisha aingie kwa kasi mpira ukiwa tayari umetoka mguuni mwa winga. Wawili wakiingia, mmoja aende nguzo ya karibu, mwingine ya mbali. Kichwa kipige kuelekea chini. Mguu, sehemu ya ndani tu inatosha. Nguvu tayari iko kwenye mpira. Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, Desemba 2010, Kabangu alituliza mpira kisha akaupeleka kona ya mbali, na Kaluyituka naye akapiga chini. Hakuna aliyepiga kwa hasira.

Upande mwingine wa historia yetu unauma. Juni 1974, miezi mitatu baada ya Cairo, Zaïre ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Scotland walitufunga 2-0, na haikuwa aibu. Halafu Yugoslavia, 9-0. Džajić, winga wao wa kushoto, alitusumbua jioni nzima. Inasimuliwa sana kwamba wachezaji waliingia uwanjani wakiwa na uchungu wa pesa walizoahidiwa ambazo hawakuziona. Na Ndaye? Alitolewa kwa kadi nyekundu kabla hata ya dakika ya 25. Aliyempiga refa teke alikuwa Ilunga Mwepu. Refa akamtoa Ndaye. Mfungaji bora wa Afrika akaenda kuvaa nguo kwa kosa la mwenzake.

Na maisha yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kutunukiwa heshima kwa rekodi yake. Aliporudi nyumbani majambazi walimvamia wakampiga risasi ya mguu. Baadaye akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town kama mkimbizi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwomboleza kwa sababu habari za uongo zilisema amekufa. Alikuwa hai, katika mtaa wa maskini, kilomita elfu kadhaa na kwao. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, Léopards wa leo walifunika midomo yao kwa mkono na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, kwa ajili yetu sisi wa Mashariki. Hapa Kasindi, ambako Januari 2023 bomu lililipuka kanisani watu wakiwa katika ibada, hakuna aliyehitaji kuelezewa maana yake. Tulipoteza 1-0 usiku ule.

Juzi nilirudi kiwanjani. Nilimkuta kijana wa mbio amekaa akifunga kiatu kwa kamba ya gunia, nikamsimulia habari za Ndaye, kuanzia Cairo hadi Cape Town. Akasikiliza kimya. Mabao 9 hayakumshtua sana. Alichouliza ni hiki: kule Cape Town, alipokuwa mkimbizi, waliomzunguka walijua yeye ni nani?

Nikamwambia wengi hawakujua. Akasimama, akaweka majani mawili ya ndizi kwenye alama ya penalti, akamwita mdogo wake akae nyuma yake. Krosi ya kwanza ilienda nje. Ya pili pia. Ya tatu ilipita chini, kati ya majani na goli, na mdogo wake alikuwa amechelewa kidogo, kama inavyotakiwa.