Lubunga: nguvu zilizopita bila kukaa

LUBUNGA, Kisangani – Anayetoka Makiso kwenda Lubunga hana daraja. Anashuka mpaka kwenye maji, anapanda mtumbwi au boti ya mota, analipa, anavuka. Kati ya komine sita za mji wa Kisangani, Lubunga peke yake iko upande wa kushoto wa mto Kongo. Wengi wanaona hiyo ndiyo hasara yake: kila kitu kinafika kwa kuchelewa na kwa bei ya juu.

Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wa mbali waliutazama upande huu kama mahali pa faida. Walileta mashine na wakachukua walichotaka. Leo vijana wengi wa Tshopo wanazungumza juu ya kufungua kampuni ndogo za nishati safi: umeme wa jua, majiko yanayokula makala kidogo, mafuta ya mimea. Kabla ya kutafuta fedha, inafaa waulize faida za zamani zilikwenda wapi.

Faida ya kwanza ni mto wenyewe. Meli inayotoka Kinshasa inapanda karibu kilomita 1,700 na kuishia Kisangani, kwa sababu mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma. Ndiyo maana Stanley aliweka kituo hapa Desemba 1883, na ndiyo maana Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipewa ugavana wa eneo hili mwaka 1887. Aliyeshika maporomoko alishika njia.

Mwaka 1902 Mbelgiji Édouard Empain aliunda kampuni ya reli ya CFL. Kazi ilianza mwaka uliofuata, na mwaka 1906 treni ilifika Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, umbali wa kilomita 125 hivi. Reli haikuanzia upande wa ofisi za wazungu. Ilianzia upande wa kushoto. Hivyo Lubunga ikapata stesheni, bandari na karakana wakati sehemu nyingi za Kongo hazijaona gurudumu.

Mashine hizo zilikula kuni. Meli za mvuke zilisimama kila mara kando ya mto kupakia kuni zilizokatwa na wanakijiji, mara nyingi kwa kulazimishwa. Tunaweza kusema kwamba nishati ya kwanza ya kiwanda katika eneo hili ilitoka msituni, na aliyeikata hakuwa mwenye mashine. Bidhaa zilipita Lubunga kutoka meli kwenda treni, na kutoka treni kwenda meli. Waliobaki na kitu ni wale waliojifunza kazi ya chuma na kuni katika karakana. Reli ilipopungukiwa na vichwa vya treni na mabehewa, ufundi huo nao ulikosa kazi.

Faida ya pili ilizaliwa karibu kilomita 100 kushuka mto, Yangambi. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuja kuwa kati ya kubwa zaidi katika nchi za joto. Hapo, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walieleza siri ya mti wa ngazi: ule wenye kokwa ya ganda jembamba na nyama nyingi, unaoitwa tenera, ni mtoto wa aina mbili zilizochanganywa. Ujuzi huo ndio msingi wa mashamba makubwa ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Leo nchi hizo mbili ndizo zinazoongoza duniani kwa mawese, na Kongo iko nyuma sana.

Jambo lingine halijulikani sana hata kwa wanafunzi wetu. Mwaka 1937, profesa Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya njia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini. Mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilijaribiwa kwa mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mawese. Kitu ambacho leo dunia inakiita biodizeli kilijaribiwa barabarani Ubelgiji karibu miaka tisini iliyopita, wakati mawese yalikuwa bidhaa kubwa ya Kongo. Hapa kwetu, mwenye mashine ya kusaga anaendelea kununua mazuti yaliyotoka mbali.

Faida ya tatu ni maji yanayoanguka. Katika miaka ya 1950 kituo cha umeme kilijengwa kwenye mto Tshopo, kaskazini mwa mji. Kina mashine tatu, na uwezo wake wote ni karibu megawati 19. Ulikuwa umeme safi kabla neno hilo halijawa la mtindo. Viwanda vya mji vilitegemea umeme huo. Lakini mji ulikua, mashine zikazeeka, na kwa miaka mingi si zote tatu zilizofanya kazi pamoja. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, wakazi walikaa bila umeme na bila maji. Kituo kimoja, mto mmoja, shirika moja: kinapolala, mji wote unalala, na komine iliyo ng'ambo inahisi zaidi.

Shirika hilo ni SNEL, lililoundwa mwaka 1970. Kwa muda mrefu, mtu binafsi hakuwa na nafasi ya wazi ya kuzalisha na kuuza umeme. Hali ilibadilika kwa sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyofungua sekta ya umeme kwa wote. Septemba 2022 ikafuata sheria juu ya ujasiriamali na kampuni changa. Kwa hiyo mlango uko wazi kisheria. Ni nani ameupita?

Mifano iko mashariki mwa nchi. Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikua pamoja wakiwa wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Waliporudi Kongo walianzisha Altech mwaka 2013, wakiuza taa za jua kwa familia zilizozoea mafuta ya taa. Kampuni nyingine, Nuru, iliwasha mtandao mdogo wa umeme wa jua Beni mwaka 2017, na Februari 2020 ikafungua mtambo wa megawati 1.3 Goma. Sehemu hizo hazikuwa na amani kuliko Tshopo, wala barabara nzuri zaidi. Walianza na mteja aliye karibu, anayelipa kidogo kidogo, na fundi anayeweza kufika mlangoni kwake kitu kikiharibika.

Ukilinganisha, Lubunga haina haja ya kuona haya. Kwanza, mazuti na petroli vinafika hapa baada ya safari ndefu, na bei yake inabeba safari hiyo. Pale ambapo mafuta ni ghali, umeme wa jua unapata nafasi mapema: kwa kinyozi, kwa anayechaji simu, kwa kituo cha afya chenye friji ya chanjo. Pili, malighafi zinatupwa kila siku. Tshopo inalima mpunga, inakamua ngazi, inapasua mbao. Maganda ya mpunga, makokwa ya ngazi na unga wa msumeno vinaweza kuwa kuni za kubana, na kupunguza magunia ya makala yanayotoka msituni.

Tatu, ujuzi uko ng'ambo tu ya mto. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963. Yangambi, mradi wa FORETS uliosimamiwa na CIFOR kwa fedha za Umoja wa Ulaya umepanda miti inayokua haraka na kusomesha wanafunzi wengi wa Kongo katika elimu ya misitu. Huko huko, tangu mwaka 2020, kuna mnara wa CongoFlux wenye mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Mataifa yanahitaji takwimu hizo. Ni muhimu Wakongo wenyewe wawe na kazi ndani yake, isije ikawa kama hadithi ya ngazi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kampuni inayoweza kulikwepa: ardhi. Tangu Februari 2023 mgogoro kati ya Mbole na Lengola umeua watu, umechoma vijiji na umeleta maelfu ya wakimbizi wa ndani mjini. Chanzo chake kilikuwa ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo bila jamii zote kukubaliana ni ya nani. Anayetaka kupanda miti ya kuni au ngazi ya biodizeli Lubunga ajue hivyo. Karatasi kutoka ofisini haitoshi kama wazee wa pande zote hawajaketi pamoja. Nishati inaweza kuitwa safi, lakini shamba lake likizaliwa kwa ugomvi, watu watalipa kwa damu.

Ndiyo sababu biashara zisizohitaji hekta nyingi zinaonekana kuwa na njia fupi zaidi hapa: taa na paneli za jua, majiko bora, kuni za maganda, mitandao midogo ya umeme ya mtaa. Karakana moja yenye mafundi watano inaweza kuanza bila kumfukuza mtu shambani.

Reli ya 1906, utafiti wa ngazi wa 1941 na kituo cha Tshopo vyote vilikuwa teknolojia mpya za wakati wake, na vyote vilichagua eneo hili kwa sababu nzuri. Mwenye mali na mwenye ujuzi walikaa mbali, na walipoondoka, vitu vilisimama. Basi mradi mpya unapofika Lubunga na paneli zake, viongozi wa komine na vijana wanaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kupiga makofi: nani atatengeneza ikiharibika, anaishi upande gani wa mto, na vipuri vitauzwa wapi? Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama umeme huo utawaka bado baada ya wageni kuvuka kurudi.