Masala Kulangwa: dogo aliyewatoa wakubwa tumboni

Wadau, Short Round wa Indiana Jones (1984) mnamjua: dogo msaidizi wa mkubwa. Kwa Wasukuma kuna Masala Kulangwa, na kwake mambo ni kinyume. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo, kasoro mama yake, aliyejificha kwenye makapi akiwa na mimba yake. Dogo anakua, anaua panzi akidhani ndilo zimwi! Siku anapoliua lenyewe na kulipasua, wakubwa wanatoka, baba yake akiwemo. Bahati mbaya anamkata bibi kizee sikio, bibi anataka kumroga. Shinyanga na Geita, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hapa sikilizeni vizuri: dogo hamuui bibi. Anamtafutia dawa, anapona. Ndipo wanamfanya mtemi.