Kahawa Fupi ya Meru na Embu

Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ina udongo mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu na tindikali ya wastani, unaoifaa sana kahawa. Hata hivyo zao hili lilichelewa kuingia mashambani mwa Wameru na Waembu. Wamisionari Wafaransa walilipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha walowezi wakalihodhi. Waafrika walikatazwa kwa madai kwamba wangeeneza magonjwa na kushusha ubora. Lililonong'onwa tu ni kwamba mwenye kahawa yake hana haja ya kuwa kibarua wa mlowezi.

Ruhusa ilitolewa kwa tahadhari mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa majaribio katika Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba makubwa ya walowezi huko Kiambu na Thika. Hata idadi ya miti iliwekewa kikomo. Upanuzi wenyewe ulikuja na Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika.

Aina iliyopata sifa ni SL 28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott, Kabete. Ni mti mrefu unaohitaji nafasi: hekta moja huchukua kama miti 1,330. Udhaifu wake ni chulebuni, kuvu inayoozesha tunda likiwa bado bichi, hasa kwenye baridi na unyevu wa sehemu za juu. Kinga ilikuwa kunyunyizia dawa ya shaba mara kwa mara, na gharama ikala faida.

Mwaka 1985 kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa Ruiru 11, kahawa fupi iliyoshikamana, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hekta moja hubeba miti 2,500, nafuu kubwa kwa vishamba vilivyokwisha kugawanywa kwa wana. Lakini mbegu yake hutokana na uchavushaji wa mkono, ua kwa ua, hivyo miche ikawa adimu. Tena mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawa mauzo ya kahawa kati ya nchi ulivunjika na bei zikaporomoka. Wengi waliitelekeza kahawa, wakapanda mahindi na makadamia katikati ya mistari. 

Batian, aina ya baadaye iliyotolewa 2010, ni ndefu tena. Wasiotaka kung'oa mashina ya zamani huyakata na kubebesha aina mpya juu yake, mizizi mirefu ya SL 28 ikiendelea kutafuta maji wakati wa kiangazi.