Mngurumo Uliovuka Mpaka

Mara ya kwanza kuusikia wimbo wa "Lionsblood" nilikuwa Masafu, Busia ya Uganda, nimejikinga kwenye baraza ya duka, mvua ikipiga mabati. Nilidhani simu imeharibika. Ngoma zilikwenda mbio kuliko mkono wa binadamu, gitaa likavuma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na katikati ya vurumai hiyo mtu anapiga ukelele unaotoka chini ya kitovu. Nikachomoa vidude vya masikioni, nikasikia mvua. Nikavirudisha, nikasikia mvua kubwa zaidi. Nikausikiliza mpaka mwisho, kisha nikaanza upya.

Wenye wimbo ni Duma, vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, mwenye sauti; na Sam Karugu, mwenye gitaa na kompyuta. Jina lao ni la Kikuyu, maana yake giza. Albamu yao, iliyobeba jina hilohilo, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 ikatoka Agosti 2020. Watu wengi hapa kwetu wakiisikia husema ni kelele za Wazungu. Mimi nasema hapana, na ushahidi umo katika safari ya muziki wenyewe.

Muziki wa metali ulizaliwa kiwandani. Tony Iommi, kijana wa Birmingham, Uingereza, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobonyezea nyuzi za gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa mngurumo mzito. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza mwaka 1970. Waliofuata walizidisha ukali: Venom wa Newcastle na albamu yao ya mwaka 1982, kisha Napalm Death na ya kwao ya mwaka 1987, na humo mna wimbo wa sekunde moja na kitu. Tangu hapo, wakongwe wengi wa muziki huu wakitoa albamu mpya hurudia ile ya zamani kwa vyombo bora zaidi. Wapenzi wao hawalalamiki, ndicho wanachokitaka.

Huku kwetu, Kampala ilipata Vale of Amonition mwaka 2009, bendi ya metali nzito ya mwendo wa taratibu. Nairobi ilikuwa na Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass na wengine. Khanja mwenyewe alitokea Lust of a Dying Breed, na Karugu akatokea Seeds of Datura. Nawaheshimu wote hao. Kupiga muziki usiochezwa harusini, usiochezwa kwenye kampeni, wala usiopata nafasi redioni isipokuwa kwa bahati, ni kazi ya moyo mgumu. Lakini wengi walishika mpangilio uleule wa Ulaya: gitaa, besi, mpiga ngoma, mwimbaji.

Duma walimwacha mpiga ngoma. Ngoma zao zinatoka kwenye kompyuta, na hapo ndipo Kampala inapoingia. Albamu ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala ya wale wanaoandaa tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015, tamasha ambalo mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku kabla halijaruhusiwa tena. Lebo hiyo ilikwisha kutoa singeli ya Dar es Salaam, muziki wa uswahilini ambao kasi yake hutengenezwa kwa kompyuta. Baadaye, mwaka 2023, ikatoa albamu ya kikundi cha embaire cha Nakibembe, hapo Busoga kwa jirani zetu, ambako watu huketi kuizunguka marimba moja kubwa iliyowekwa juu ya shimo, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, mpaka usijue pigo lipi ni la nani. Kwa sikio langu, Duma ni ndugu wa hao kuliko wa Newcastle. Na katika albamu yao mna wimbo unaoitwa "Uganda with Sam".

Sisi wa Busia hatushangai kazi ikivuka mpaka. Neno bodaboda lilizaliwa hapa, miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wapanda baiskeli wakiita "boda, boda". Kwa barabara, Nairobi na Kampala huonana kupitia kwetu au kupitia Malaba, upande wa Tororo.

Aprili 2024 Lord Spikeheart alitoa albamu ya peke yake, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Mama huyo alitoka msituni baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963, akabaki na nywele alizozifuga humo hadi zilipokatwa Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023. Nilipolijua hilo niliurudia ule ukelele wa Duma, nikausikia vingine: niliusikia kama sauti ya mtu aliyefukuzwa vichakani usiku, asiyekubali kunyamaza.

Juzi, palepale barazani, kijana wa bodaboda aliona ninavyotikisa kichwa akaomba naye asikie. Nikampa kidude kimoja. Alikunja uso, akakikandamiza sikioni, akaniuliza swali tunaloulizana hapa kila siku: huyu ni wa huku au wa ng'ambo?

Nikamwambia mtu ni wa ng'ambo, lakini kazi ilifanyiwa huku.

Akachukua simu, akaurudisha wimbo mwanzo.